Gari la mzee limeishia kwenye ndoo na makopo, nifanyeje?

Mjomba, shikamoo.

Naandika kutoka Bugembe, hapa Jinja. Kazi yangu ni kutengeneza friji za nyumbani na za maduka ya soda. Nina miaka 41, mke mmoja, watoto watatu, na gari moja lisilokwenda. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Marehemu mzee wetu alikuwa dereva wa familia ya Kihindi iliyokuwa na duka Main Street. Mwaka 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, bosi wake alimwita jioni moja akamkabidhi funguo za MGB yake ya 1966, gari dogo la spoti la Kiingereza, ile ya wazi isiyo na paa la bati, pamoja na logbuku na barua ya mkono inayosema gari ni zawadi. Mzee hakuliendesha barabarani hata siku moja. Alikuwa akisema, wakati ule ukionekana kwenye kigari cha namna ile, ama jirani atakuita mafuta mingi, yaani tajiri wa magendo, ama mwanajeshi atakuomba ufunguo, na huyo wa pili haombi mara mbili. Akalivuta usiku mpaka nyuma ya nyumba, akalifunika magunia, na juu ya magunia akapanga kuni. Amin akaondoka, Obote akarudi na kuondoka tena, gari liko palepale. Sisi watoto tulikuwa tunapenya ndani kwa siri, tunashika usukani na kunguruma kwa midomo.

Mzee alitangulia mbele ya haki miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana nikaamua kulifufua. Nilimwomba mama watoto banda lake la kuku kwa miezi mitatu. Kila usiku natazama video kwenye simu, kila Jumapili navunja. Nilifungua kila kilichofunguka: madigadi, boneti, milango, viti, dashibodi, nyaya, kabureta zote mbili. Injini nayo niliitoa nzima, sasa imekaa juu ya tairi la lori. Skrubu na boliti nilizitia kwenye ndoo za rangi na makopo ya siagi, nikabandika karatasi za majina. Mvua za Aprili zikapita chini ya mlango wa banda, karatasi zikabanduka. Leo nina ndoo sita na sijui ipi ni ya nini. Dashibodi iko chini ya kitanda cha watoto. Bodi lenyewe nimeliweka juu ya matofali, na tangu siku ile nikijaribu kuupachika mlango wa dereva haufungi, unagonga chuma upande wa juu.

Huu ni mwezi wa 14. Mama watoto hanigombezi tena, na hilo ndilo linalonitisha. Anapita na ndoo ya maji pembeni ya banda kama vile hakuna banda. Kuku wake 150 wa nyama ndio walikuwa wanalipa karo ya muhula wa pili.

Kaka yangu mkubwa yuko Kampala. Ameleta mnunuzi wa chuma chakavu aliyetaja shilingi 1,500,000, na anasema gari ni la urithi, tugawane wanne yaishe, magari ya spoti ni mchezo wa matajiri wa Ulaya. Fundi mmoja hapa mtaani anasema injini imekufa kwa sababu haizunguki, nimpe kazi aweke ya Hiace. Fundi wa bodi anasema zile boriti za chini ya milango zimeliwa kidogo tu, atazivika bati jipya kwa juu, apake bodifila, siku tatu kazi imekwisha. Na kuna kijana kanipigia simu anasema ataniletea MGB nzima iliyochoka kutoka Uingereza ili nitoe spea.

Niuze? Niendelee? Na kama naendelea, naanzia wapi?

Fundi Friji, Bugembe

*

Mjomba wa Gereji anajibu:

Marahaba, mpwa wangu.

Usiuze. Lakini tangu leo usifungue hata skrubu moja zaidi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniandikia habari ya kuku, ya kaka, ya Hiace, na katikati ukapitisha haraka sentensi moja kama jambo dogo: mlango wa dereva haufungi tangu uweke bodi juu ya matofali. Mpwa, hiyo ndiyo barua yako. Mengine yote tungeyamaliza kwa kikombe cha chai.

MGB haina chasi. Gari kama Land Rover ya zamani lina fremu chini, na bodi limekalia fremu. MGB ilipotoka mwaka 1962 ilikuwa bodi na chasi kitu kimoja, mabati yaliyokunjwa na kushonwa pamoja. Na yako haina paa. Kwa hiyo kinachozuia pua na mkia visikutane ni handaki la katikati pale inapopita propela shafti na zile boriti mbili za chini ya milango, na boriti ndizo zenye mzigo mkubwa. Boriti yenyewe ni mabati matatu: la nje unaloliona, la kati lililosimama ndani usiloliona, na reli iliyokunjwa kwa chini. Kutu huanzia ndani, kwa lile la kati, kwa sababu maji na matope yanayorushwa na magurudumu huingia humo na hayatoki. Likionekana nje "limeliwa kidogo tu", ndani mara nyingi hamna kitu. Gari lililokaa nusu karne kwenye unyevu wa ziwa, juu ya udongo, chini ya magunia? Chukua bisibisi butu, piga boriti kwa kitako chake toka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu "puf", kama kugonga boksi la karatasi.

Wewe umeliweka hilo juu ya matofali, bila shaka kwenye ncha mbili, chini ya pua na mkia, maana ndipo panapofikika. Katikati pamelala, bodi limepinda kama punda aliyezidiwa mzigo, mwanya wa mlango umebana kwa juu. Ndiyo maana mlango unagonga. Mlango ni mzima, mgonjwa ni mgongo wa gari. Na matofali yetu ya kuchoma hupasuka bila kutoa taarifa, siku yoyote, hata ukiwa umelala chini yake. Yaondoe kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini. Tegemeza bodi kwa magogo ya mbao yaliyopangwa msalaba, au stendi za chuma za gereji, ukiziweka pale ambapo springi za nyuma na ekseli ya mbele hushika bodi, yaani pale ambapo gari hubeba uzito wake likiwa juu ya magurudumu. Kisha pachika mlango tena, utazame mwanya. Ukirudi hata nusu, una bahati.

Sasa huyo wa siku tatu. Kuvika bati jipya juu ya boriti bovu ni kumvalisha maiti kanzu. Litang'aa, utapiga picha, na kwenye tuta la kwanza utasikia mlango ukilia. Ubaya zaidi, ukishachomelea hivyo gari limegandishwa likiwa limepinda, na kulinyoosha baadaye ni kukata upya kila kitu. Mshukuru, mpe soda, aende.

Kazi yenyewe hufanywa hivi, na nakuandikia kwa urefu kwa sababu hapa ndipo MGB nyingi hufia. Kwanza bodi lisimame kwenye mategemeo sahihi, milango imepachikwa na inafunga vizuri. Ndipo unachomelea nondo au bomba la mraba toka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kila upande, ili uwazi wa mlango usiweze kubana wala kupanuka. Ndipo unakata, upande mmoja tu. Usiguse wa pili mpaka wa kwanza umekwisha na mlango umejaribiwa tena. Bati la nje huingia chini ya digadi la mbele, na kwako madigadi yameshatoka, kwa hiyo katika uvunjaji wako wote kuna kimoja ulichopatia.

Mashine iwe ya waya na gesi, siyo ya vijiti. Bati la gari ni kama milimita moja. Fundi wa mageti akiligusa kwa kijiti, anatoboa, anajaza, anatoboa tena, mwisho una chujio. Hata kwa mashine ya waya, choma nukta hapa, ruka sentimita kumi, choma nukta pale, acha chuma kipoe. Mwenye haraka hupindisha bati kwa joto. Reli ya chini na bati la kati fundi mzuri wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, anaweza kukukunjia ukimpa kipande cha mfano. Wale watu wanakunja chochote. Bati la nje nunua, umbo lake halisamehe makosa. Linatengenezwa mpaka leo. Zaidi ya MGB laki tano ziliuzwa mpaka 1980, na tangu 1988 Waingereza wanatoa hata bodi zima jipya kwa kutumia mitambo ya asili. Spea zako ni rahisi kupata kuliko za magari mengi ya Kijapani ya miaka ile. Ila uliza kodi na usafiri kabla ya kulipa, siyo baada.

Ndiyo maana pia huna haja na kijana wa simu. Tangu 2018 sheria yetu inazuia kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Anayekuahidi kukuletea lenye miaka 50 ili ulichinje spea, mwache azungumze na ukuta.

Turudi kwenye ndoo sita. Nitakuambia jambo lisilonipendeza. Mwaka 1984 nilikuwa na Ford Capri yangu mwenyewe. Nilijua magari, au nilidhani najua. Nikaivunja yote kwa wiki mbili, kwa furaha kubwa kabisa, kwa sababu kuvunja ni kutamu: kila jioni unaona kazi imefanyika. Kuunganisha hakuna utamu huo. Unatafuta skrubu moja saa mbili, unaipata, siku imeisha, gari linaonekana vilevile. Nikaanza kupita mbali na kibanda. Miaka minne baadaye niliiuza kwa kilo. Mpaka leo nikifungua kisanduku changu cha zana nakuta bawaba moja ya buti la ile Capri, na siitupi.

Kwa hiyo ndoo zako tutazimwaga, lakini moja moja. Tafuta kwanza kitabu cha spea cha MGB chenye michoro inayoonyesha kila kifaa na namba yake. Kinapatikana, hata kwenye simu hiyohiyo ya video. Tandika shuka kuukuu, mwaga ndoo moja, panga. Kilichotambulika kifungie kwenye mfuko wake wa nailoni, andika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya mfuko wenyewe, siyo kwenye karatasi. Usipange ya pili mpaka ya kwanza imekwisha. Na angalia jambo hili: boliti za gari lako ni za inchi. Ikikosekana moja utakimbilia Kisekka, soko la spea Kampala, utapewa ya milimita 8, na itaonekana sawasawa na yako ya inchi tano kwa kumi na sita. Itaingia mizunguko miwili, itakaza, na wewe utadhani ni kutu, utaongeza nguvu. Umeshaua uzi. Boliti ya kweli huingia kwa vidole. Ikigoma vidole, siyo yake.

Kibati chenye namba ya gari, kile kilichopigwa ribiti ndani ya boneti, namba inayoanza na GHN3, kitafute leo. Kama kiko kwenye ndoo, kitoe ukiweke pamoja na logbuku na ile barua. Hapo tumeingia kwa kaka yako, na kaka yako, samahani, ana hoja. Zawadi ile alipewa mzee, siyo wewe. Mzee akifariki bila wosia ni mali ya warithi, na logbuku bado ina jina la mtu aliyeondoka mwaka 1972. Ukiweka pesa zako kwenye boriti za gari la watu wanne, siku likiwaka wote wanne watakuwa na mawazo juu yake. Kaeni kikao. Waombe wale ndugu wengine wawili waseme wazi, mkubaliane sehemu zao zinalipwaje na lini, muandike, mtie saini. Nendeni mkatafute hati ya kusimamia mirathi. Safari huanzia ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi kwa cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha mahakamani. Kisha peleka logbuku na barua Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ndiyo inayoshika usajili wa magari siku hizi, wakuambie wanataka nini tena. Fanya hivyo kabla ya kununua bati la kwanza. Barua ya mkono ya 1972 ipige picha, itolee nakala mbili, ya asili isikae bandani.

Na akikuambia tena kwamba spoti ni mchezo wa matajiri wa Ulaya, mkumbushe kwamba mbio za magari za Safari zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi letu hilihili. Mkumbushe Shekhar Mehta: alizaliwa Uganda, akalazimika kuondoka 1972 kama bosi wa mzee wenu, na mwaka uliofuata akashinda Safari kwa Datsun 240Z. Baadaye akashinda nyingine nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Haitabadili mawazo yake juu ya shilingi milioni moja na nusu, lakini atanyamaza kidogo.

Kuhusu mama watoto, mimi si ssenga, shangazi wa kushauri mambo ya ndoa, kazi yangu ni vyuma. Hata hivyo hesabu naijua. Uliomba miezi mitatu ukachukua 14. Mrudishie banda. Banda zima, siyo nusu. MGB ina urefu wa mita 3.9 na upana wa mita 1.5 tu. Simamisha nguzo sita ukutani pale palipokuwa na kuni za mzee, ezeka mabati mita tano kwa tatu, mwaga kokoto chini, lipishe hewa pande zote. Usilifunike turubai linalogusa chuma, hilo hufuga unyevu kuliko mvua yenyewe. Pesa za kwanza za gari hili ziende huko, pamoja na vifaranga wa kuanzia. Kwanza cheche za grainda na kuku havikai nyumba moja. Na usimpelekee maelezo. Mpelekee ufunguo wa banda.

Injini nitaipitia upesi, kwa sababu ndiyo isiyonitia wasiwasi. Bahati yako hukuifungua. Haizunguki, sawa, nusu karne bila kuzunguka, hata wewe ungeganda. Toa plagi nne. Fungua kava la juu, legeza na utoe roka na pushirodi zake, ili vali iliyokwama isije ikapinda kitu. Changanya dizeli nusu na mafuta ya gia boksi ya otomatiki nusu, mimina vijiko viwili vitatu kila silinda kupitia tundu la plagi, acha wiki nzima, ongeza, acha tena. Kisha shika nati ya puli ya krenki kwa spana ndefu, sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Usitumie stata, usiigonge. Ikikubali hata upana wa kidole, subira imelipa. Isipokubali ndipo unafungua silinda hedi. Ni injini ya chuma cha kumimina, cc 1798, ukoo mmoja na za Morris Oxford zilizojaa barabara zetu zamani, na pistoni za saizi ya kuchongesha bado zinatengenezwa.

Siku hedi itakapotoka, mwambie mchongaji aweke siti ngumu za vali za moshi. Injini hii ilizaliwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikizilinda siti zisiliwe. Huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara imeondolewa tangu mwanzoni mwa 2006.

Ya Hiace iache kwenye Hiace. Fundi anakupigia hesabu ya injini tu. Hakukutajia vishikio vipya, gia boksi, propela shafti ya kukatwa, rejeta, wala namba ya injini kwenye logbuku ambayo ndiyo kwanza tunahangaika nayo.

Umeme wewe ni fundi, lakini gari hili litakudanganya. Ya 1966 ina betri mbili za volti sita nyuma ya viti, na waya unaokwenda kwenye bodi ni wa chanya, kinyume na kila gari ulilozoea. Ukiunga kwa mazoea, unaweza kuiunguza saa ya mizunguko ya injini siku ya kwanza. Paka rangi nyekundu pale waya wa bodi unapofungwa, mtu yeyote aone.

Na breki, hapa nakuonya kama mjomba na siyo kama mwandishi. Najua nyumbani kwako kuna koili ya bomba laini la shaba la friji, na una kifaa cha kupanua midomo yake, na mkono wako unawasha. Usithubutu. Shaba ile tupu huchoka kwa mtikisiko na kupasuka, na mdomo wa bomba la friji sio mdomo wa bomba la breki. Gari lako lina mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka mteremko wa kwenda darajani, mguu utazama mpaka sakafuni na hakuna cha pili. Nunua mabomba ya shaba yenye nikeli yaliyotengenezwa kwa breki, badilisha raba zote na mipira yote, bila kuacha hata moja kwa sababu inaonekana nzima. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa, lina asbesto. Liloweshe kwa maji ya sabuni ulifute. Tangi la petroli pia, hata likiwa limekaa tupu miaka 50, asilisogelee mtu wa kuchomelea.

Rangi usiniulize mwaka huu.

Kesho basi ni matofali. Ukishapanga magogo, pachika mlango wa dereva, ufunge taratibu bila kuusukuma kwa goti, kisha pitisha karatasi ya daftari kwenye mwanya kuanzia juu hadi chini. Niandikie karatasi imekwamia wapi.